Chuo Kikuu Nacho ni Mahali pa Kazi

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika mkutano wa tawi moja la mashamba ya chai tuliomba wanachama wachangie kidogo nauli ya wenzetu wa chuo kikuu kimoja waliotaka kwenda Kampala kuonana na maofisa wa kazi. Chuo chao kilikuwa kinapangwa upya, idara nyingine zinaunganishwa, nyingine zinafutwa, na wengi wao walikuwa hawajui watalala wapi mwisho wa mwezi. Mzee mmoja mchumaji, ambaye alikuwa mwanachama tangu sisi tukiwa watoto, alinyanyua mkono akauliza: "Hao wenye digrii wana shida gani hata sisi wa kikapu tuwachangie?"

Watu walicheka, wakampigia makofi. Sisi tulijibu kwamba umoja ni nguvu, na yule mzee akakaa. Lakini tuliona usoni mwake kwamba hakuridhika, na haki ilikuwa upande wake, maana alikuwa ameuliza swali naye akapewa wimbo. Haya tunayoandika leo ni jibu lake, japo limechelewa.

Kwanza tuseme tulivyo. Sisi tunaozunguka matawi wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Chuo kikuu tumekiingia kwa mlango wa jikoni na kwa geti la nyuma, kukutana na wanachama, wala si kwa mlango wa darasa. Na ukiingia kwa mlango huo unaona jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Mtu akitaja chuo kikuu, akili yake huona joho na kofia ya pembe nne. Sisi tuliona wapishi wanaoamka saa kumi ya usiku, askari wa geti, madereva, mafundi bomba, wanawake wa kufua mashuka ya mabweni, makarani wa ofisi ya fedha, wahudumu wa maabara, watunza vitabu, wakata nyasi. Chuo Kikuu cha Makerere kina shamba lake la mafunzo na utafiti kule Kabanyolo, na huko wapo watu wanaokamua ng'ombe na kupalilia mazao kama ninyi mnaosoma karatasi hii. Digrii yao iko wapi?

Na mwalimu mwenyewe mwenye digrii, ukimtazama vizuri, ni mtu wa mshahara. Hukatwa kodi, hukatwa akiba ya uzee, hudaiwa karo ya watoto, huogopa barua. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye barua yake huja kwa Kiingereza kirefu zaidi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Pale juu ya kilima cha Kyambogo, upande wa mashariki wa Kampala kwenye barabara ya Jinja, zilikuwapo taasisi tatu kila moja na uzio wake. Ilikuwapo politekniki ya mafundi, ambayo mizizi yake ni shule ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1928. Kilikuwapo chuo cha elimu ya ualimu. Na ilikuwapo taasisi ya taifa ya kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Mwaka 2003 serikali ilizichanganya zote tatu, zikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwenye karatasi ilikuwa kazi ya siku moja: sahihi, muhuri, na jina jipya kwenye ubao wa geti.

Lakini tufikiri kama wafanyakazi. Taasisi tatu ni wakuu watatu, wahasibu wakuu watatu, watunza stoo watatu, na kila mmoja wao alikuwa na kiti chake. Kesho yake viti vitatu vimekuwa kimoja. Nani akae? Aliyetangulia kuajiriwa? Mwenye cheti kikubwa? Au yule anayejuana na watu wa juu? Na hao wawili wanaobaki wamesimama waitwe nani, na walipwe kama nani? Kama hamkuyajibu hayo kabla ya kutia muhuri, basi mmewaachia watu wayajibu wenyewe kwenye korido, na korido hujibu kwa fitina.

Tena liko la vyeti. Mwalimu wa politekniki, ambaye sifa yake ilikuwa mikono yake, anayeweza kukusikilizia mashine kwa sikio akakuambia ubovu uko wapi, aliamka siku hiyo akiwa mwalimu wa chuo kikuu bila kusogea hata hatua moja. Chuo kikuu kinataka shahada ya pili, na baadaye shahada ya udaktari. Jana alikuwa bingwa, leo amepungukiwa. Hakufanya kosa lolote, ila kipimo kimebadilishwa yeye akiwa kazini. Ndugu wa kiwandani, ninyi mnalijua jambo hili. Ni sawa na siku inapoletwa mashine mpya, na fundi wa miaka 20 anaambiwa asimamiwe na kijana aliyesoma kitabu chake.

Kyambogo haikutulia upesi. Ugomvi wa vyeo, wa mishahara na wa uongozi uliendelea miaka mingi baada ya huo muungano, na mwaka 2012, yaani miaka 9 baada ya muhuri, walimu waligoma wakimkataa makamu mkuu wa chuo. Wako wanaosema huo ulikuwa ugomvi wa watu na watu. Labda. Sisi tunasema nyumba iliyojengwa bila kuulizwa wakaaji wake, kila mlango wake utalia.

Hatusemi kwamba kuunganisha ni kubaya na kugawanya ni kwema. Kugawanya nako kuna machungu yake, na Afrika Mashariki tunayajua. Kilikuwapo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 1963, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1970 kiligawanywa vikawa vyuo vikuu vitatu. Hilo lilipita kwa utulivu kiasi, pengine kwa sababu kila tawi lilikuwa tayari na nyumba yake na watu wake. Lakini mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, wafanyakazi wa reli, wa posta, wa bandari na wa ndege walijikuta mwajiri wao hayupo tena. Hakufa, hakufilisika, aligawanywa kama mali ya urithi. Mapatano ya kugawana mali na madeni, pamoja na pensheni, yalitiwa sahihi mwaka 1984. Na hata baada ya hapo, nchini Tanzania wastaafu wa Jumuiya walifika mahakamani, na mapatano ya kuwalipa yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Hesabuni wenyewe. Mtu aliyekuwa na miaka 45 wakati ule alikuwa na miaka 73. Wako waliongoja mpaka wakazikwa.

Kwa hiyo mtu akituambia "mambo ya pensheni yatashughulikiwa baadaye," tunajua hiyo baadaye ina urefu gani.

Turudi Makerere. Mwisho wa mwaka 2010 na kuingia 2011, vitivo na taasisi za Makerere zilikusanywa zikawa koleji 9, na sheria ikabaki kama shule peke yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ufanisi: maamuzi yafanyike karibu na kazi, kila koleji ijiendeshe. Sasa sikilizeni. Mwezi wa Julai 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilikuwa na koleji kwa miaka mingi, kilitangaza kuzifuta, pamoja na vyeo vya wakuu wake, na kupunguza vitivo. Sababu iliyotolewa? Ufanisi. Kampala koleji zinaletwa kwa ajili ya ufanisi, Nairobi koleji zinaondolewa kwa ajili ya ufanisi. Sisi watu wa darasa la saba hatuwezi kusema ni upande upi ulio sawa, na huenda zote mbili zilikuwa sawa kila moja kwa mahali pake. Lakini tunajifunza kwamba hilo neno peke yake halitoshi kumhamisha mtu kutoka kiti chake. Kule Nairobi chama cha walimu kilikwenda mahakamani kikilalamika kwamba mabadiliko yamefanywa bila wafanyakazi kushirikishwa. Neno walilolilalamikia ni hilo la kushirikishwa. Hata ramani ikiwa nzuri namna gani, kuipata gazetini pamoja na watu wa barabarani ni dharau.

Tumeona pia mtindo wa semina. Mwajiri anapotaka kubadilisha mambo hukodi ukumbi wa hoteli, akaleta mtaalamu mwenye picha za ukutani, akawapa watu chai na sambusa, wakaimbishwa kwamba mabadiliko yanaanza na wewe mwenyewe. Jioni watu wanarudi nyumbani na kalamu ya bure. Hakuna aliyethubutu kuuliza: mimi mshahara wangu utakuwaje? Tulikaa katika semina moja ya namna hiyo, na sambusa zilikuwa nzuri, hatukatai. Lakini mwanamke mmoja wa ofisi ya mapokezi alituuliza pembeni kama kupewa kalamu ni dalili ya kufukuzwa. Mtu aliyefikia kuogopa kalamu hawezi kufundishwa kitu chochote siku hiyo.

Basi kuongoza wafanyakazi wakati wa mabadiliko ni nini? Kwa tuliyoyaona, kazi kubwa ni kusema kweli mapema, na kuisema kwa mdomo wa mtu ambaye atakuwapo kesho yake kujibu. Bosi akisema, "Hatujui bado idara yenu itakuwaje, lakini tarehe fulani tutajua, na tutawaambia ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote," watu watavumilia. Wafanyakazi huvumilia habari mbaya. Ukimya ndio unaowavunja. Tumeona watu wakiugua vidonda vya tumbo kwa kungojea orodha, na orodha ilipotoka, hata waliokatwa walipumua.

Na hapa tuwatetee watu ambao chama huwasahau: wakubwa wadogo. Mkuu wa idara katika chuo kikuu, kama vile nyapara wa shamba, ni mtu anayebanwa pande mbili. Juu wanampa karatasi asome, chini wanamuuliza maswali ambayo karatasi haina majibu yake. Akisema sijui anaonekana mjinga, akibuni jibu anaonekana mwongo, na mara nyingi jina lake mwenyewe limo katika orodha ileile. Mwajiri mwenye busara huanza na hawa. Huwaketisha, huwaambia yote, huwaambia na wao wenyewe hatima yao, ndipo huwatuma. Asiyefanya hivyo hutuma watu waliojaa hofu wakawatulize wenye hofu.

Msaada nao usiwe maneno ya faraja tu. Mtunza vitabu aliyezoea kadi na droo za mbao akiletewa kompyuta, msaada ni saa za kujifunza ndani ya muda wa kazi, mshahara ukiwa uleule, na kuruhusiwa kukosea bila kuandikiwa barua. Fundi wa politekniki anayetakiwa kupata shahada, msaada ni likizo ya masomo na karo, na miaka ya kutosha. Kumwambia mtu wa miaka 52 "jiendeleze" bila kumpa siku wala shilingi ni kumfukuza kwa adabu.

Wala tusidhani kwamba mabadiliko yakileta fedha basi hayana machungu. Kabla ya mwaka 1992 Makerere haikutoza wanafunzi ada. Ilipofungua mlango wa wanaolipa, mpaka mwaka 1999 zaidi ya asilimia 70 ya wanafunzi walikuwa wanalipa, na fedha zikaingia mifukoni mwa walimu waliokuwa wamechoka na mishahara ya njaa. Hatuwezi kuwalaumu kwa kushangilia. Lakini kitivo chenye masomo yanayouzika kilinenepa na kile kisichouzika kikakonda, na Profesa Mahmood Mamdani alitoa kitabu kizima mwaka 2007 kueleza jinsi soko lilivyoingia darasani. Mwisho wake posho hizo zikageuka deni. Mwaka 2016 walimu waligoma wakidai malimbikizo ya posho, na tarehe 1 Novemba Rais akaamuru chuo kifungwe. Kikafunguliwa tena Januari 2017.

Katika miezi ile miwili ni nani aliyeumia kwanza? Ni mama wa chapati wa Wandegeya, ni mfagiaji wa hosteli za Kikoni anayelipwa kwa siku, ni kijana wa bodaboda. Mzee wetu wa kikapu, hapa ndipo jibu lako linapoanzia. Mlango wa chuo kikuu ukifungwa, aliye mbali nao kwa cheo ndiye aliye karibu nao kwa njaa.

Lakini liko jibu lingine, na hili tunalisema kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita kiwanda kimoja cha nguo, ambacho jina lake hatulitaji, kiliuzwa. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake, akatuita sisi wa chama. Tulikwenda tumejiandaa kupigania mshahara, na tulishinda: mshahara haukushuka. Tulitoka pale tumejaa kifua. Tulitia sahihi orodha ya wanaobaki bila kuuliza maswali mawili. La kwanza, miaka yao ya zamani inahesabiwa au haihesabiwi? La pili, vibarua wa idara ya kufungasha, karibu wote wanawake, mbona hawamo? Baada ya muda mwajiri alipunguza watu tena. Mwanamume aliyekuwa amefanya kazi pale miaka 14 alilipwa kama mtu wa miaka miwili, kwa sababu hesabu ilianza siku ya kuuzwa. Na wale wanawake wa kufungasha hawakulipwa kitu, kwa kuwa walikuwa hawajaandikwa popote. Alikuja mmoja wao nyumbani kwetu. Hakutukana. Aliuliza tu, "Ninyi mlikuwa ndani ya chumba kile?" Tulikuwamo.

Tungejua sheria tusingefanya vile, na tunaieleza hapa ili mtu mwingine asirudie. Sheria ya Ajira ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 2006, inasema kwamba biashara ikihamishwa kwa mwajiri mwingine, mikataba ya wafanyakazi waliokuwapo inahamia kwa mwajiri mpya pamoja na haki zake. Miaka 14 inabaki miaka 14. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika muda usiozidi miezi 3, kwa sababu za kiuchumi, za mitambo au za mpango mpya wa kazi, lazima awape wawakilishi wa chama sababu, idadi na aina ya watu, na muda wenyewe, si chini ya wiki 4 kabla ya mtu wa kwanza kuachishwa, na amwarifu kwa maandishi kamishna wa kazi. Notisi nayo ina vipimo: aliyefanya kazi miaka 10 au zaidi ni miezi 3. Na kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua akifanya kazi miezi 4 mfululizo anastahili mkataba wa maandishi. Wale wanawake walikuwa na miaka, si miezi.

Haya si ya kiwandani tu. Mwalimu wa chuo kikuu na mpishi wake wanasimama juu ya sheria ileile. Tena wao wana watu wanaoweza kuisoma mpaka mwisho, kuipeleka mahakamani, na kuipatia hukumu. Chuo kikuu kikilazimishwa kuheshimu zile wiki 4, hukumu hiyo itatusaidia mashambani. Kikiruhusiwa kuziruka, mwenye shamba atauliza: kama wasomi walinyamaza, ninyi mnalia nini? Hiyo ndiyo nauli tuliyoiomba siku ile, mzee.

Na mashambani mabadiliko hayangoji. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho nchini Kenya watu walichoma moto mashine za kuchuma chai, na damu ilimwagika. Hatusifu moto, mashine iliyoungua hairudishi kazi ya mtu, na aliyekufa harudi. Lakini mashine ikifika kabla ya maneno, watu watazungumza nayo kwa lugha waliyo nayo.

Tuna neno pia kwa wenzetu wa chuo kikuu, na watuvumilie. Ninyi mmejigawa wenyewe kabla mwajiri hajawagawa. Walimu wana chama chao, maofisa wa utawala wana chao, na wafanyakazi wa kawaida wana chao. Kila kimoja kinakwenda kwa mwajiri kwa siku yake na kwa mlango wake. Mwajiri humlipa mmoja, mwingine akakasirika, naye anapogoma yule aliyelipwa hupita katikati yake akienda darasani. Tumewaona wafanyakazi wasio walimu katika vyuo vikuu vya serikali wakigoma peke yao wakidai tofauti ya mishahara izibwe. Walimu walisema wanawaonea huruma. Huruma ni kitu cha msibani, na hapa watu walikuwa hai. Chuo kinapopangwa upya, kamati iwe moja, na mpishi akae ndani yake, na mazungumzo yafanywe kwa lugha ambayo mpishi anaielewa. Msipofanya hivyo mtapata mpango ambao kila profesa ana kiti na jikoni imeuzwa kwa mkandarasi. Hilo limeshaanza mahali pengi: upishi, ulinzi na usafi vinapewa kampuni za nje, na mtu anafagia sakafu ileile kwa mshahara mdogo zaidi, bila jina lake kuwa katika daftari la chuo.

Labda wengine watasema sisi tunaingilia mambo ya watu wakubwa. Tumezoea kusikia hivyo.

Tumalizie kwa jambo lililotokea juzi. Mama mmoja mfanyakazi wa jikoni katika chuo kimoja alikuja ofisini kwetu na barua aliyoikunja mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni, asije akainyeshea mvua. Alikuwa ameitembeza siku tatu akitafuta mtu wa kumsomea asiyemjua, kwa kuwa hakutaka majirani wajue. Barua ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, ikimshukuru kwa mchango wake na kumweleza kwamba kwa sababu ya mpango mpya atahamia "kitengo cha huduma shirikishi". Tuliisoma mara mbili. Haikusema kazi yenyewe ni nini, wala mshahara, wala ataripoti kwa nani.

Tulikaa naye tukaandika nyuma ya barua ileile maswali matatu, kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Miaka yangu ya kazi itahesabiwa kuanzia siku gani? Mshahara wangu na chumba ninachokaa vitabaki vilevile? Mwajiri wangu ni chuo au ni kampuni? Mwalimu mmoja wa sheria wa chuo hichohicho, tuliyemwomba, alitusahihishia Kiingereza, na akaongeza kwa mkono wake chini kabisa kwamba jibu linatakiwa kwa maandishi. Mama aliipeleka mwenyewe ofisini, akasimama mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Wiki iliyofuata alipata jibu la swali la kwanza na la pili. La tatu, mpaka tunapeleka karatasi hii kwa mpiga chapa, halijajibiwa, na Jumatatu atakwenda tena kuliuliza. Yule mwalimu wa sheria amesema watakwenda pamoja.